Kikaragosi Kwenye Karakana ya Majeneza

Wapendwa, hebu nitegeeni sikio kidogo. Palikuwa na fundi mmoja aliyetengeneza majeneza. Kazi yake ilikuwa safi, lakini nani anapenda kwenda kupiga soga kwenye karakana kama ile? Watoto wakiikaribia walivuka barabara. Hata mjukuu wake, binti mdogo aliyeletwa kuishi naye, aliishia mlangoni, kidole mdomoni, asithubutu kuingia.

Jambo hilo lilimchoma yule babu. Asubuhi moja, ameshika kipande cha mbao kilichobaki, akakumbuka utoto wake. Kumbe alikuwa bingwa wa vikaragosi! Alivichonga, akavivisha vitambaa, akavisemesha mpaka akina mama kisimani wakasahau ndoo zao. Kisha baba yake akamwambia, "Mwanamume hachezi na wanasesere," akavitia motoni vyote. Tangu hapo hakuchonga kingine.

Siku hiyo akachonga. Mikono ilimtetemeka, pua ikatoka kubwa kama bilinganya. Akakivika kitambaa, akakiinua juu ya meza, akakipigisha chafya: "Chyaa! Nani kaniamsha?"

Mlangoni kikapasuka kicheko. "Babu, ana mafua!" Mtoto huyo akaingia mbio.

Mara mteja akatokea, kafiwa na mkewe, na wanawe wawili wamemshika shati. Fundi akakificha kikaragosi mgongoni. Aibu iliyomshika! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Nisamehe, mtu mzima mimi nakutwa nacheza..."

"Usimfiche, mzee," mfiwa akasema. "Hawa hawajacheka tangu mama yao atutoke. Nakuomba, mwache aseme tena."

Fundi akakitoa kikaragosi mgongoni. Sauti ikaanza kwa kukwama, kisha ikafunguka. Kikaragosi kikamtafuta nyuki aliyekiuma pua, kikawashuku watoto, mwishowe kikamsingizia fundi mwenyewe! Watoto wakaangua kicheko. Baba yao naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Na yule mzee? Alijisikia kama kijana. Toka siku hiyo alichonga kila alipopata nafasi, na Jumamosi watoto wa mtaa mzima walijazana pale pale walipokuwa wanapakwepa.

Mnaona, wapendwa? Alidhani anaficha upuuzi, kumbe anaficha dawa ya mtu.

Na sisi je? Wewe mama uliyekuwa ukiimba ukitwanga, nani alikunyamazisha? Wewe kaka uliyejaza kuta michoro ya mkaa, mkono huo uliuweka wapi? Tunasema, "Ngoja kwanza niwe hodari." Mungu alipotupa furaha ile tukiwa wadogo hakutuuliza kama tuna cheti, wala hajarudi kuidai. Ianze na makosa yake. Ianze ikitetemeka. Maana yupo mtu, pengine ameketi benchi moja nawe sasa hivi, ambaye hajacheka siku nyingi, na anachokingoja ni hicho hicho unachokionea haya.