Kompyuta ya Bi Namsifu

Mwanamke mmoja alikuwa na kompyuta ya kuandikishia wagonjwa. Aliitwa Namsifu, mpokezi wa zahanati ndogo ya mlimani, na pale sheria ilikuwa moja: asiyeandikishwa haingii kwa daktari. Kila asubuhi aliiwasha, watu wakapanga foleni, kisha yeye na wao wakabaki kukodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Kizunguke, weee! Namsifu akawaambia mashine imezeeka, ameomba mpya hadi amechoka. Watu wakamwonea huruma, maana hakuwa mvivu.

Siku moja akaja Nakaaya, jirani yake, na mtoto mgongoni, mwili wa mtoto unachemka kwa homa. Akasubiri. Kiduara kikazunguka. Mwishowe akakaza kanga yake akaondoka naye, na Namsifu aliponyanyua macho, mama wa watu alishatoka getini. Jamani, roho ilimuuma! Akamwita fundi, akaapa kwamba leo mashine ile itatupwa.

Fundi hakufungua hata skrubu. Aliweka programu ya kupimia, inayoonyesha kila kinachofanyika tangu kompyuta inapowashwa mpaka inapokuwa tayari, na kila kimoja kimekula muda gani. Akazima, akawasha. Ikaja mistari, mingine mifupi, mingine mirefu. Namsifu akautafuta mstari wa mashine yenyewe, akijua utakuwa umevuka skrini nzima. Ulikuwa mfupi kama kidole gumba. Ile mirefu ilikuwa na majina anayoyafahamu vizuri: redio ya kwaya, picha za mapambo, mchezo wa karata, na programu tatu za kuzuia virusi vya kompyuta, walinzi watatu. Kila alipoingiwa na hofu aliongeza mlinzi, na sasa kila asubuhi walinzi walikuwa wakipekuana wao kwa wao. Kila kimoja kati ya vitu hivi, siku kilipoingia, kilimwomba ruhusa ya kuamka pamoja na mashine. Naye, haraka haraka, bila kusoma, akabonyeza ndiyo.

Fundi akasema, "Mashine yako inaamka mapema, mama. Hawa uliowaruhusu watangulie ndio wanaomchelewesha mgonjwa."

Namsifu alishikwa na aibu, aibu ya kweli. Akaviondoa kimoja kimoja kwa mkono wake, akabakiza mlinzi mmoja. Kisha akavaa viatu, akateremka mwenyewe hadi kwa Nakaaya, akamwomba radhi, akambebea mtoto njia nzima ya kupanda. Safari hii mtoto aliandikishwa kabla mama yake hajakaa kwenye benchi.

Ndugu zangu, nasi tunasema moyo umechoka, umri umekwenda, ndiyo maana hatuwahi kumfikia mwenye shida. Haya, tumeupima lini? Na ni akina nani tuliowaambia ndiyo bila kusoma, hata kila asubuhi wanahudumiwa wao kwanza, na mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani?