Kata ya Pembeni

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata babu zenu walikuwa bado hawajajifunza kudanganya, wanyama walikuwa na jiji lao. Jiji hasa, lenye soko, lenye mitaro, lenye vumbi la kumtosha kila mtu. Msinitumbulie macho. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanitaka, lakini mambo ya jiji lile nayajua kuliko mwalimu wenu. Kaeni vizuri.

Jiji liligawanywa katika kata. Majabalini kata, Nyasini kata, Mtoni kata, Sokoni kata, na nyingine ambazo sitazitaja, mtasinzia. Kila kata ilichagua diwani wake mmoja, na akina mama walikuwa na viti maalumu vyao juu ya hayo. Wote wakikutana, ndilo baraza.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo wengi huangukia pua. Meya hakuchaguliwa na mji mzima. Madiwani walijifungia ukumbini wakamchagua kutoka miongoni mwao. Huna kata, basi wewe si diwani. Na kama si diwani, umeya utausikia kwa jirani.

Kule Majabalini aliishi Pimbi. Mfupi, mnene kidogo, mkia hana, mdomo hauna breki. Ukoo wake wote ulikaa kwenye nyufa za mawe: shangazi, wajomba, watoto wamebanana kama dagaa. Asubuhi ya siku ya kupokea wagombea, Pimbi alikuwa mlangoni anapangusa vumbi kwenye kanzu, tayari kwenda kwa Korongo.

Korongo ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Hapigiwi kura wala hapigi, kazi yake kuona taratibu zinafuatwa. Na utaratibu ulikuwa huu: mgombea afike mwenyewe, asimame mbele yake, kabla jua halijafika utosini. Akichelewa, basi tena.

Pimbi akainua mguu aondoke. Ardhi ikatikisika. Ndu. Ndu. Ndu.

Alikuwa Kifaru. Mgongoni amembeba Askari, yule ndege mdogo anayemdonoa kupe na kumwonea mbali, maana macho ya Kifaru yalikuwa mapambo tu.

"Pimbi," Kifaru akasema, "nasikia unagombea."

"Najaribujaribu, mzee wangu. Shikamoo."

"Acha kujaribu. Umeya ni wangu. Nimewapitia wote wanaotaka udiwani, nimewauliza kwa upole kama wanazipenda mbavu zao. Wanazipenda sana. Kura zao ninazo."

"Hongera, mzee."

"Nikishavaa joho, kazi ya kwanza ni haya mawe yenu. Nitayasaga yawe kokoto. Nataka barabara kutoka nyumbani kwangu hadi kwenye tope langu."

Ndani ya ufa mtoto mmoja akakohoa, akazibwa mdomo haraka.

"Na sisi tunaoishi humu, mzee?"

"Mtaishi kando ya barabara. Wenzenu wanalilia nafasi kama hiyo." Kifaru akasogea, pumzi yake ikapeperusha kanzu ya Pimbi. "Ila Korongo anasema asiye na kata hawi meya. Kwa hiyo nimekuja. Nipe kata yako."

Pimbi akapiga hesabu haraka. Akikataa, atakanyagwa hapohapo, na Kifaru aende kwa Korongo. Akikubali, watoto watalala kwenye kokoto. Akatazama jua. Lilikuwa linapanda bila kumwonea huruma. Akatazama chini, na macho yakaangukia mtungi wa mkewe pale mlangoni. Juu ya mtungi kulikuwa na kata.

Mnacheka nini? Ndiyo, kata. Ile pete ya majani makavu ya mgomba, unaiweka kichwani mtungi usikuumize. Wengine wanaiita ngata. Nyie mnaochota maji bombani mtajulia wapi?

"Kata yangu, mzee?" Pimbi akauliza polepole.

"Masikio unayo? Kata."

"Na nikikupa, hutanidai kingine?"

"Kata tu."

Pimbi akaichukua, akapanda juu ya jiwe. "Mliomo ndani, muwe mashahidi. Mimi Pimbi, kwa hiari yangu, nampa mzee Kifaru kata yangu." Akaivisha kwenye pembe. Chwap. Ikakaa kama imezaliwa pale.

Kifaru akakodoa macho, akaona kivuli tu. "Ndiyo yenyewe? Mbona ndogo?"

"Katika jiji hili hakuna kata ndogo kuliko hiyo, mzee."

"Ina maji?"

"Maji hupita juu yake kila asubuhi."

"Barabara?"

"Hata moja. Ukiizunguka, unarudi ulipoanzia."

"Watu wake wakaidi?"

"Haijawahi kulalamika. Mzigo wote inaubeba yenyewe."

Kifaru akatikisa kichwa, ameridhika. Lakini kule mgongoni Askari alikuwa ameinama, anaichunguza ile pete kwa jicho lake jekundu.

"Mzee," akasema, "mimi hii naiona kama..."

Neno moja tu, na ukoo mzima ni kokoto.

"Kama inangoja joho, kaka Askari," Pimbi akadakia. "Umewahi kuliona joho la meya? Zito lile. Linafunika mgongo wote, kutoka kisogoni hadi mkiani, na meya halivui hovyo. Kupe hata mmoja hataonekana tena."

Askari akafunga mdomo. Akautazama mgongo ule mpana, soko lake lote, shamba lake lote.

"Kama nini?" Kifaru akanguruma. "Sema."

"Kama kata, mzee," Askari akasema. "Kata kabisa."

"Basi niende nayo kwa Korongo?"

Pimbi akawahi kumjibu. "Mkubwa mzima ukapange foleni juani na akina Chura? Mwenye kata yake hufuatwa, mzee."

"Na wakiniuliza kata yangu iko wapi?"

"Wajibu ukweli. Waambie iko pembeni."

Kifaru akageuka, ndu, ndu, ndu, kuelekea kwenye tope lake. Pimbi akangoja hadi vumbi litulie. Kisha akatoka mbio puku puku puku, kanzu ameikunja mkononi, sokoni akapita chini ya meza za watu, akatukanwa na kila muuza samaki. Alipofika kwa Korongo, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimebaki kama kucha.

"Majabalini, Pimbi," akahema.

"Mwingine wa Majabalini?" Korongo akauliza.

Kwa mbali ikasikika ndu. Pimbi akafumba macho. Ikasikika tena, karibu zaidi, kisha akapita Punda na mkokoteni wake. Kivuli kikaingia chini ya mlingoti, kikaisha.

"Pimbi amepita bila kupingwa," Korongo akasema, akafunga mlango.

Kata nyingine zikapiga kura zao, madiwani wakapatikana, wakaitwa ukumbini kumchagua meya. Kila mmoja akala kiapo kwa jina la kata yake. Kifaru akaingia wa mwisho, kata iko kwenye pembe, akajimwaga kwenye kiti cha meya. Kiti kikalia kwiii. Madiwani wakainamisha vichwa. Pimbi alijua hesabu ilivyo: kura ilikuwa ya siri, lakini hofu haijui siri. Jina la Kifaru likifika kwenye kura, limeshinda.

"Nani anapendekezwa?" Korongo akauliza.

Chura, diwani wa Mtoni, akasimama anatetemeka. "Mzee Kifaru. Nazipenda mbavu zangu."

"Mzee ni diwani wa kata gani?"

Kifaru akacheka kwa pua. "Muulize Pimbi. Yeye ndiye aliyenipa."

Shingo zote zikamgeukia Pimbi. Akasimama juu ya kiti aonekane. "Ni kweli, mkurugenzi. Nilimpa kata yangu, mashahidi wapo. Iko pembeni."

"Jiji hili halina kata ya Pembeni," Korongo akasema.

"Wewe ndiye huoni, au mimi?" Kifaru akainua pembe. "Hii hapa."

Mama Tembo, diwani wa Nyasini, akanyoosha mkonga, akaipapasa ile pete, akainusa.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hii ni kata ya kubebea mtungi."

Kwi, akafanya Panya nyuma. Kwi kwi. Chura naye akashindwa kujizuia, na kicheko kikazunguka ukumbi kama moto wa nyasi. Sikilizeni nyie: anayecheka hatetemeki. Haviwezekani vyote viwili kwa wakati mmoja, jaribuni mwone.

Kifaru akaruka. Kata ikateleza, ikamkaa machoni. Sasa alikuwa haoni hata kivuli, na Pimbi alikuwa mbele yake, hana ufa wa kujificha.

"Askari, yuko wapi? Nimsage."

Pimbi akamtazama Askari. Askari akautazama mgongo ule alioupenda.

"Pembeni, mzee," akasema. "Pembeni kabisa."

Kifaru akakata kona kwa nguvu zake zote. Akaupita mlango wa pembeni pamoja na fremu yake, akaserereka mteremkoni, du du du du, hadi kwenye tope lake. Chubwi.

Korongo akakohoa. "Aliyependekezwa si diwani. Tuendelee."

Wakamchagua Mama Tembo kuwa meya. Pimbi naye alijipendekeza, si mnaujua mdomo wake, akapata kura moja, na mwandiko ulikuwa wake. Lakini siku ile watoto wake walilala ndani ya mawe yao, wamebanana kama dagaa.

Nimemaliza, chukueni hili mwende nalo: anayepora asichokijua huondoka na jina, kitu chenyewe kikabaki kwa mwenyewe.