Mkono Usiosikia Moto

Wapendwa, hebu kila mmoja autazame mkono wake. Watoto nanyi, tazameni. Ndani ya ngozi hiyo mna nyuzi nyembamba sana, zinaitwa mishipa ya fahamu. Ukigusa sufuria ya moto, nyuzi hizo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo. Nao uti wa mgongo hausemi, "Ngoja kwanza nimuulize mkubwa." Unauamuru mkono papo hapo: toka! Ubongo, uliokaa juu kabisa, hupata habari mkono ukiwa umeshatoka. Ndipo unaposema, "Aah!"

Sasa, alikuwako mama mmoja, mpishi wa misibani. Kijijini kwake akifa mtu, yeye aliitwa jikoni kwanza. Wenzake walitafuta matambara ya kuipulia masufuria. Yeye alishika kwa mikono mitupu, akaipua, akatua chini taratibu. Na kila mke mpya aliyeingia jikoni pale alipimwa kwa mikono ya mama huyo.

"Wewe unashikaje sufuria kama unabeba kichanga?" wanawake walimtania mke wa mwanawe. "Mtazame mama mkwe wako. Ile ndiyo mikono!"

"Yangu inaungua, mama zangu. Nifanyeje?"

Wakacheka. Mama naye akacheka. Kwa miaka miwili alikuwa hasikii moto, akaamini amebarikiwa.

Mchana mmoja, msibani, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akizungumza, mkono wake ameuegemeza kwenye jiwe la jiko. Mkwe wake akasikia harufu. Akageuka.

"Mama! Mkono!"

"Mkono umefanya nini?"

"Unaungua, mama!"

Akautazama kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Kidole cha mwisho kilikuwa kimebabuka mpaka mfupa, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Siku hiyo hakuna aliyemsifu.

Kule zahanati daktari akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole kwa kipande cha pamba.

"Unasikia, mama?"

"Bado hujanigusa, mwanangu."

Alikuwa ameshamgusa mara tano.

"Ubongo wako ni mzima," daktari akamwambia. "Mkono nao una nguvu. Kinachokufa, kwa ugonjwa wa ukoma, ni mishipa iliyo katikati, ile inayopeleka habari. Kidole hiki hatutakiokoa. Ukinywa dawa bila kuacha, huenda mishipa mingine ikaamka."

Akanywa mwaka mzima. Kisha asubuhi moja, nyumbani kwake, akajisahau, akaipua chai kwa mkono mtupu. Ukelele alioupiga uliwatoa majirani majumbani. Mkwe wake akaja mbio na maji ya baridi.

"Pole, mama! Pole sana!"

Mama ameushika ule mkono wa vidole vinne, machozi yanamtiririka, na anacheka.

"Msinipe pole! Nipeni hongera, jamani. Inauma! Inauma!"

Wapendwa, nani kati yetu amewahi kupewa hongera kwa kuumia? Sisi tunamsifu asiyesikia. Tunasema yule ana moyo, yule amekomaa. Mara ya kwanza ulipomjibu mama yako vibaya, si ulikosa raha siku nzima? Na mara ya kumi je? Kulikuwa na wakati jirani akikosa chakula nasi chakula kilitukwama kooni. Leo tunameza vizuri tu. Tumekomaa, au mishipa yetu imekufa na sisi tunaona fahari?

Tunaitwa mwili mmoja. Mwili unaweza kuwa na kichwa kizima na mikono yenye nguvu, na bado ukaungua kimya kimya, kwa sababu habari haifiki.

Tafadhali, geukeni mtazame benchi la mwisho, pale dirishani. Bibi aliyekuwa akikaa pale na fimbo yake hajaonekana Jumapili tatu. Nimehubiri zote tatu nikitazama upande huo, wala moyo wangu haukusikia kitu mpaka jana.

Je, wewe umesikia?

Kama imekuuma, usingoje kamati ikae. Mkono haungoji. Inuka sasa, nenda kwake. Mahubiri yangu yanaweza kukatika hapa.