Mama Mwenye Bakuli

Mfano huu aliusimulia kwanza shangazi yangu, Otmara Kapinga, nyumbani kwetu, siku ya shukrani ya mavuno, Julai 1991. Nausema kama alivyousema.

Kulikuwa na mkulima mmoja ambaye mkewe alinusurika kufa kwenye uzazi. Kwa shukrani akaweka nadhiri: katika mavuno ya mwaka unaofuata atapeleka altareni perege mwenye urefu wa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Akamwomba Mungu amkuzie samaki huyo, akachimba bwawa bondeni, akapandikiza vifaranga mia mbili, akalizungushia ua wa miti. Kambare wawili walioingia kwa mfereji aliwaua kwa panga. Alisema hapa hapunguzi mtu hata samaki mmoja.

Bwana samaki wa tarafa akapita, akatazama maji, akatikisa kichwa.

"Mzee, perege huzaa mno. Waache kambare wale vitoto, au uanze kuvua ugawie watu. La sivyo watabanana, hakuna atakayekua."

"Nifuge mwizi ndani ya nyumba yangu?"

"Basi utafuga vidole," akasema bwana samaki, akapanda baiskeli yake.

Jirani yake, mama mmoja mwenye mgonjwa ndani, akaja na bakuli.

"Shikamoo, baba. Naomba perege wawili tu. Binti yangu amekataa ugali na maharage, labda mchuzi wa samaki utapita."

"Marahaba. Hawa ni wa Mungu, mama."

"Kwani Mungu anakula samaki?"

"Nimeweka nadhiri!"

"Haya. Akishiba, utuite na sisi."

Alikuja mara tatu. Mara tatu bakuli likarudi tupu.

Ndugu zangu, huyu mtu alikuwa mbaya? Hapana. Alishukuru kweli. Alidhani shukrani ni kumtunzia Mungu bila kupunguza.

Ikafika siku moja kabla ya mavuno. Akafungua mfereji, maji yakashuka, na bwawa zima likaanza kurukaruka. Maelfu ya samaki! Akaingia topeni, akashika mmoja, akamtupa. Akashika mwingine. Wote ukubwa wa kidole: vichwa vikubwa, mikia myembamba, na vidogo vile vile tayari vimebeba mayai mdomoni. Akatafuta mpaka jua likaegemea. Wa altareni hakuwepo hata mmoja.

Yule mama alikuwa amesimama kando ya ua wa bwawa. Hakucheka. Alisema, "Baba, wangu wawili wangetoka, na wa jirani wawili, na wa jirani yake. Wako angepata nafasi ya kula."

Mkulima akakaa palepale topeni. Kisha akasema, "Mama, lete bakuli. Hapana, lete ndoo."

Jioni ile bonde zima lilinukia mchuzi. Alibakiza samaki wachache, akatia na kambare, na ua akaung'oa. Mavuno yaliyofuata perege wake alifika altareni, na mkulima alimwomba yule mama ndiye ambebe samaki huyo.

Sasa tujiulize sisi. Yule mtu aliomba samaki mkubwa. Je, Mungu hakumsikia? Alimsikia mapema sana. Jibu lilifika mlangoni mara tatu, limeshika bakuli, na yeye akalifukuza. Mara ngapi tumemshukuru Mungu kwa mahindi ghalani, tukanung'unika kwa shemeji aliyekuja kuomba debe? Leo tunaposhukuru, tumshukuru na kwa hao waliotugongea mlango. Tulidhani wanatupunguzia, kumbe wanatukuzia.

Shangazi aliuita mfano, lakini watu wake walikuwa wa kweli, wa bonde letu. Yeye alifariki mwaka 2016. Mkulima alimtangulia, 2004, na mkewe 2011. Bwana samaki alihamishwa. Habari zake sina, siwezi kusema. Mama yule yuko hai, ana miaka themanini na mitatu. Na binti yake, aliyekunywa mchuzi ule, yuko hai pia.