Ijumaa ya Mwisho ya Shaabani

Kaeni vizuri. Hadithi hii haina jini wala mfalme. Ina karani, na karani anatosha.

Pangani palikuwa na majirani watatu wenye vipaji. Chausiku, muuza hina, hakuuza hata pakiti moja bila kuiandika. Mwalimu Hiza, mstaafu, alisoma kila karatasi mpaka jina la mpiga chapa. Na Bi Riziki alijua kukaa. Msicheke.

Jirani yao Bi Mwanakheri alikuwa mpambaji wa maharusi. Shaabani watu huozana kana kwamba dunia itafungwa kesho, naye hana pa kupumulia. Ramadhani hapambi hata paka. Kwa bahati mbaya alijiandikisha kwenye mfuko wa pensheni mwezi wa Shaabani. Karani akaandika pato la mwezi ule, akaliita pato la kila mwezi. Miaka miwili mama wa watu akalipishwa michango ya tajiri. Miezi mikavu aliuza vikuku vyake vya fedha, kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha marehemu mama yake.

"Hiki hamkipati," akamwambia karani. "Nirudishieni mlichonizidishia."

"Mama, mfumo unaonyesha kipato chako ni kizuri mwaka mzima."

"Huo mfumo wako umewahi kualikwa harusi mchana wa Ramadhani?"

Akarudi mtaani, akaapa: atakayemrudishia haki yake, atampambia binti yake bure Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, siku ambayo hata wenye fedha hawampati.

Chausiku akatoa daftari. "Shoga, bibi harusi hapakwi hewa. Hesabu hina yangu." Shaabani maharusi kumi na tisa, Ramadhani hakuna, Mfungo Tatu mmoja, tena alighairi.

Ofisini, karani akalisukuma daftari. "Hii si hati ya serikali."

Mwalimu Hiza akafungua kitabu cha kanuni, ukurasa ambao karani mwenyewe hakuwahi kuufikia. "Soma hapa, kijana. Mchango hufuata pato la mwezi wenyewe, na daftari la biashara ni ushahidi. Kilichozidi hurudishwa."

Karani akasoma, akakifunga kitabu. "Sawa. Faili litapelekwa kwa meneja." Meneja yuko kikaoni. Rudini wiki ijayo.

Bi Riziki hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi na ukili wake, akasuka mkeka. Kila asubuhi ofisi ilipofunguliwa, yupo.

"Bibi, unamsubiri nani?" karani akamuuliza.

"Kikao kiishe, mjukuu wangu. Mkeka mrefu."

Siku ya kumi na moja mkeka ulifika mlangoni kwa meneja. Akajikwaa, akauliza ni nini hiki, na jioni ile faili likasainiwa.

Pesa zikarudi, na kikuku kikabaki mkononi. Bi Mwanakheri hajamaliza kucheka, wakabisha hodi watatu, kila mmoja na binti anayeolewa Ijumaa ileile.

"Bila daftari ungedai nini?"

"Bila kanuni daftari lingefungiwa vitumbua!"

"Bila makalio yangu," akasema Bi Riziki, "faili lingekuwa kikaoni hadi leo."

Karani naye alikuja, ana binti, akidai muhuri uliogongwa kwenye faili ulikuwa wake. Huyo tumemwambia asubiri kwenye benchi.

Bi Mwanakheri ana mikono miwili na Ijumaa moja. Msiniambie wagawane; bibi harusi hapambwi nusu. Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu: ungekuwa ndiwe umevaa kikuku kile, ungempamba binti wa nani?