Mkono wa Nakijwa Katika Kinywa cha Ndiva

Habari hii ilisimuliwa kwanza na Nanzighe binti Sebughe, mwaka ule nzige walipokula mahindi wakabakiza mabua. Watoto wa ukoo walimuuliza kwa nini shangazi yao aliyeolewa tambarare alipandishwa mlima mzima kuja kutia mkono matopeni, ilhali wanaume wenye mikono walikuwepo tele. Nanzighe aliipata kwa bibi yake, na bibi yake kwa waliomtangulia. Walioisimulia baadaye wameongeza chui na radi. Katika maneno ya Nanzighe hapakuwa na chui wala radi.

Zamani hizo ndiva ya Mghanda ilikuwa ikifungwa kabisa. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo, limejengwa chini ya chemchemi ili likusanye maji usiku na kuyatoa asubuhi, yashuke kwa mfereji kwenye migomba ya mlimani, kisha yaende kuishia mashamba ya tambarare. Tundu la kutolea maji huitwa kinywa. Kila alasiri mfungaji alisukuma kipande cha mgomba kinywani, akapaka udongo wa mfinyanzi, akashindilia kwa mchi mpaka lisitoke hata tone.

Mchi ule ulikuwa mzito, na watoto ni watoto. Kwa hiyo Mrutu, aliyekuwa mfumwa wa Mghanda, yaani mtawala wake, aliweka sharti. Kabla ya kushindilia, mfungaji aulize, "Mkono?" Aliye karibu na kinywa ajibu, "Umetoka!" Bila jibu hilo mchi haushuki, hata kama anayengojea maji ni mfumwa mwenyewe.

Mrutu alikuwa na watoto watatu kwa mama mmoja. Senkondo alikuwa wa kwanza, mtoto wa kukaa wima hata akiwa peke yake. Nakijwa alimfuata. Wa mwisho alikuwa Mbazi, ambaye hakuna chombo nyumbani alichokiona kizima bila kutaka kujua kikoje ndani. Mchezo wao ulikuwa pale kwenye ndiva. Mmoja aliingia bwawani, mwingine alisimama nje mferejini, wakapitisha mikono kinywani mpaka vidole vikakutana katikati ya ukuta, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona. Aliyeachia kwanza alibeba kuni. Senkondo hakuachia hata siku moja. Nakijwa aliachia mara nyingi, maana maji yalikuwa baridi na kaka yake alikuwa na kucha.

Walipokua, dunia iliwagawa. Mbazi ndiye aliyeondoka kwanza. Alikwenda kwa wahunzi wa bondeni kuazima jembe, akakaa huko. Mrutu alipotuma watu wamrudishe, walimkuta amepiga magoti mbele ya viriba vya kupulizia moto, uso mweusi kama chungu.

"Mtoto wa mfumwa anakula makaa?" wakamuuliza.

"Mwambieni baba sili, napuliza tu," akajibu.

Nakijwa aliondoka wa pili. Watu wa mlimani na watu wa tambarare walikuwa wameuana kwa ajili ya ng'ombe muda mrefu, na wazee waliona kwamba damu haikaushwi ila kwa harusi. Akaozwa kwa Kangero, mkubwa wa tambarare, mtu mpole ambaye Nakijwa hakuwa amemwona. Asubuhi ya kuondoka kwake Mbazi alikuja na bangili ya chuma, kazi yake ya kwanza aliyoimaliza mwenyewe. Ilikuwa nene, ina mbonyeo upande mmoja, na pana mno.

"Hii ni ya ndama," alisema Nakijwa.

"Utanenepa huko," alisema Mbazi. "Kwao kuna maziwa."

Hakunenepa. Aliivaa mkono wa kushoto, akawa anakunja kidole gumba kila alipochota maji, isimtoke. Wapo wanaosema ulikuwa mkono wa kulia. Nanzighe alisema wa kushoto.

Mrutu akafa, Senkondo akaketi mahali pake. Alitawala kwa haki, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Kisha ikaja miaka ya ukame. Chemchemi ilipungua mpaka asubuhi ndiva ikawa haijafika nusu. Senkondo akaamua maji yaishie kwenye migomba ya mlimani, na jioni kinywa kifungwe mapema. Kwa watu wake uamuzi huo ulikuwa wa busara. Tambarare, mfereji ukawa njia ya mijusi.

Nakijwa wakati huo alikuwa na mtoto mchanga wa kike na maziwa yalikuwa yakimkauka. Wanawake wenzake walimgawia uji, lakini walikuwa wakiutia bakulini huku wakitazama mlima. Mama mkwe wake hakumficha. "Mwanangu, ulikuja hapa uwe daraja. Sasa watu wanasema daraja lenyewe halina kitu chini yake." Kangero alimwambia lililobaki: mwezi ukiandama vijana watapanda na mikuki kuifungua ndiva kwa nguvu, naye hana neno la kuwazuia. Nakijwa akaelewa kwamba upande wowote utakaoshinda, atakayezikwa ni wa kwake.

Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda. Alipitia kwanza kwa Mbazi, kwa sababu kiwanda kilikuwa njiani na kwa sababu alimtamani. Alikuta mikuki imesimamishwa ukutani kama mabua.

"Ya nani hiyo?"

Mbazi hakuinua macho. "Ya kulia ni ya kaka. Ya kushoto ni ya shemeji. Wote wamelipa kwa mbuzi, na mbuzi wote wamekonda."

"Na wewe umepiga tu?"

"Chuma hakiniambii kinakwenda kwa nani, dada." Kisha akachukua maji kidogo aliyokuwa nayo ya kuzimia chuma, akampa anywe. Yalikuwa na ladha ya kutu. Nakijwa alikunywa yote. Alipogeuka kuondoka alisikia viriba vimesimama. Mbazi alikuwa ameuacha moto ufe.

Alifika Mghanda alasiri, baraza likiwa limeketi. Senkondo alimpokea vizuri, akauliza hali ya shemeji, akamwangalia mtoto. Mbele ya wazee Nakijwa alimwita mfumwa, si kaka, akaomba maji ya tambarare, angalau kidogo.

"Ukiyapata wewe, watayataka wote," alisema Senkondo. "Na mke wa mtu hana maji kwao. Anayo kwa mumewe."

"Kwa mume wangu kuna mfereji. Maji yake yamo humu."

"Yamo humu, na humu yatabaki. Nina watu wa kulisha, Nakijwa. Ungekuwa umeketi hapa ungesema hivyohivyo."

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba huenda ni kweli. Alimkabidhi mtoto kwa mke wa Senkondo, akatoka, akateremka kwenye ndiva. Mfungaji alikuwa mzee Kiondo, aliyewajua tangu walipokuwa wakigombea kuni. Alikuwa ameshakata kipande cha mgomba na udongo ulikuwa umekandwa. Nakijwa aliingia mferejini kwa upande wa nje, akapiga magoti, akatia mkono wa kushoto kinywani mpaka begani. Maji yalikuwa machache hata hayakuwa na nguvu ya kuusukuma. Yalipita kandokando ya mkono, yakamtiririka begani, yakashuka mferejini.

Kiondo alisubiri. Kisha akauliza kama kazi yake ilivyomtaka, "Mkono?"

"Umo," alisema Nakijwa.

Neno hilo halikuwahi kusikika pale. Kiondo aliuliza tena, akidhani masikio yake yamezeeka, akajibiwa vilevile. Akauweka mchi chini. Watu walianza kuja mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Wengine walimcheka. Mama mmoja alisema, "Mwacheni, tambarare hawajamfundisha kuoga." Mwingine alisema mtoto wa Mrutu asichekwe akiwa amepiga magoti. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na maji yakaendelea kushuka.

Senkondo alipofika, watu walimpisha. "Toa mkono," alisema.

"Amrisha mchi, mfumwa."

Hakuweza. Sharti lilikuwa la baba yake, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka yote hiyo kwa nguvu ya masharti ya baba yake. Kumvuta mbele ya watu lilikuwa jambo la aibu. Kumwacha kulikuwa kumpa ndiva. Akavua vazi lake la baraza, akampa mtu ashike, akaingia bwawani kwa upande wa ndani. Alitaka kuusukuma mkono ule utoke polepole, pasiwe na kelele.

Akatia mkono wake kinywani. Katikati ya ukuta, mahali pasipoonekana, vidole vikakutana. Nakijwa alimshika.

Senkondo alisukuma, hakuachiwa. Alitulia. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umekonda hata mifupa ikahesabika, na bangili ilicheza juu yake kama pete kwenye kijiti. Tena ulikuwa mgumu kwa jembe. Hakuutambua mara moja kuwa ni wa dada yake. Aliokuwa akiujua ulikuwa wa mtoto, laini, na siku zote ulikuwa wa kwanza kuachia.

"Una baridi," alisema kwa sauti ya chini, kupitia ukutani.

"Na wewe bado una kucha, kaka."

Walikaa hivyo. Jua lilikuwa linashukia ukingo wa mlima, na maji yaliyokuwa yakimpita Nakijwa yalikuwa yameshateremka mbali. Mzee Kiondo, ambaye hakupenda kazi ilale, alikohoa, akauliza tena kwa wajibu, akiuelekeza uso wake bwawani, "Mkono?"

Senkondo akajibu, "Umo. Na wangu pia umo."

Watu walicheka, lakini kicheko hiki hakikufanana na kile cha kwanza. Senkondo akaamuru udongo uletwe, upakwe kuuzunguka mkono, usiubane. Kiondo hakutumia mchi. Alishindilia kwa viganja, kama anayesiriba mtungi. Udongo uliposhika, Senkondo alisema, "Sasa niachie." Nakijwa akasema, "Tangulia wewe." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yao, Senkondo alitangulia kuachia.

Nakijwa alipovuta mkono, bangili haikumfuata. Ilibaki udongoni, na maji yakapita katikati yake, membamba, bila kukoma. Alitaka kuirudia. Senkondo akamwambia, "Iache. Nani atabishana na kipimo cha chuma?" Usiku huo maji yalikwenda taratibu, na alfajiri mama mkwe wake aliyakuta mferejini, akadhani ni umande. Mwezi ulipoandama, vijana wa tambarare walikuwa wamepanda mbegu.

Senkondo alitawala mpaka uzeeni, akazikwa Mghanda. Hakugeuka kuwa mtu wa mzaha, lakini kuni alibeba. Siku iliyofuata jioni ile alionekana akipeleka mzigo mpaka nyumba aliyolala Nakijwa, akautua mlangoni, akaenda zake. Mbazi hakurudi nyumbani. Alizikwa bondeni, na wahunzi wa huko hujiita watoto wake. Alipoambiwa habari ya bangili alisema, "Nzuri zote nilizotengeneza zimevunjika." Nakijwa alizikwa tambarare, kichwa kikielekezwa mlimani, kwa maagizo yake mwenyewe.

Kutoka jioni ile mpaka leo, ndiva ya Mghanda haifungwi kabisa. Bangili ililiwa na kutu zamani, hivyo kila mvua zinapokwisha na kinywa kusiribwa upya, huitwa binti wa mlimani aliyeolewa tambarare atie mkono wa kushoto, udongo ushindiliwe kwa viganja kuuzunguka. Mfungaji huuliza kama alivyouliza Kiondo. Yule binti hajibu "Umetoka." Hujibu "Umo," na upenyo anaouacha ndio fungu la tambarare, ambalo halina mfumwa wala mwenyekiti awezaye kulipunguza.

Kati ya watoto waliomsikia Nanzighe mwaka ule wa nzige, Kadeghe, ambaye ndiye aliyeuliza swali, amefariki. Shangazi ambaye waliuliza habari zake, Namkunda, alifariki kabla yake. Senzota alihamia mbali na habari zake hazijulikani, kwa hiyo haandikwi kati ya wafu wala kati ya walio hai. Amebaki Naetwe, aliyeolewa tambarare. Viungo vya mkono wake vimevimba, na msimu uliopita upenyo ulitoka mpana kidogo kuliko desturi. Wa mlimani walinung'unika. Wa tambarare walimwombea maisha marefu. Naetwe yu hai.