Mpagazi Aliyeulizwa Hali

Mpagazi mmoja wa Mlima Kilimanjaro alikuwa na mgongo imara na hamu moja tu: kusimama kileleni. Jina lake Aminirabi, mtu wa Mwika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebeba mahema, sufuria na mikoba ya wageni mpaka kambi ya mwisho, na hapo ndipo kazi yake ilipokoma. Wageni walikwenda juu na viongozi wao. Yeye alibaki akichemsha maji na kungoja warudi wamsimulie. Mnaoishi chini ya mlima ule mnajua kwamba nasema kweli. Wengi wa wanaoupandisha mlima mabegani hawajauona mwisho wake.

Ikatokea mgeni mmoja, ambaye Aminirabi alimbeba mgongoni alipozidiwa na hewa ya juu, hakumsahau. Alimwandikia barua kutoka kwao kumwalika yeye na ndugu mmoja wapande mlima wa nchi ya Nepali, katika safu ya Himalaya. Barua ilisema ni mlima wa wanaoanza, hauna kuta za kuning'inia, ila ni mrefu kuupita Kilimanjaro na mgongo wake ni barafu tupu. Aminirabi aliisoma mara nne. Kisha akaenda kwa dada yake, Aikaruwa, fundi cherehani, mwanamke ambaye hakuwahi kupanda chochote zaidi ya ngazi za kanisa hili, akamwambia wajiandae.

Barua ile ilikuwa na maagizo ya miezi minne. Pandeni mteremko mkali na mzigo mgongoni, mara tatu kila juma. Zoeeni kunywa maji kabla ya kiu. Na kila jioni andikeni kwenye daftari mlivyolala, mlivyokula, na kama kuna mahali panauma, msifiche hata kidogo. Aikaruwa alijaza mahindi kwenye begi akawa anapanda nalo kutoka mtoni hadi barabarani kabla ya kufungua cherehani yake. Watu walimcheka. Waliuliza fundi anahamishia wapi mahindi yake, na mbona kila siku ni yale yale. Hakuwajibu, maana pumzi za kuwajibu hakuwa nazo.

Aminirabi hakufanya zoezi lolote, na hapo simlaumu sana. Miguu yake ilikuwa imefanya mazoezi tangu ujana. Lakini lile daftari aliliacha kabatini hadi siku ya mwisho, kisha akakaa nalo mezani, akaandika neno "mzima" mara mia na ishirini, mfululizo, kwa kalamu moja. Alicheka peke yake alipomaliza. Alidhani sehemu hiyo ya maagizo ni mchezo wa wageni.

Wakafika Nepali, wakapokewa na kiongozi wa mlima aliyeitwa Mingma, mtu mpole, mwenye maneno machache. Alielewana nao kwa Kiingereza cha milimani ambacho wote watatu walikijua kidogo. Aliwafundisha kutembea na vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu. Aliwapandisha juu mchana na kuwarudisha chini kulala, ili damu izoee hewa nyembamba. Na kila siku aliwaambia waende taratibu.

Hapa ndipo kosa lilipokuwa, ndugu zangu, na ni kosa ambalo mpagazi tu angeweza kulifanya. Maneno yale Aminirabi aliyajua kuliko mtu yeyote. Pole pole! Alikuwa amewaambia wageni maelfu, huku yeye mwenyewe akiwapita kwa kasi na mzigo kichwani, kwa sababu mpagazi lazima awahi kambini, apate mahali pazuri, asimamishe mahema kabla mgeni hajafika. Kwa hiyo huko Himalaya, mahali ambapo hakuna aliyemtuma, alimwacha dada yake nyuma, akafika wa kwanza, akasimamisha hema la Aikaruwa na la Mingma, akaenda kuchota barafu ya kuyeyusha. Mingma alimnyang'anya sufuria mara mbili. Aminirabi alicheka, akaichukua tena. Hakuwa na kiburi. Hakujua tu namna nyingine ya kuwa mlimani.

Kila jioni Mingma aliwauliza: mmekula? Mmelala? Kichwa kinauma? Aikaruwa alijibu kama alivyozoea kuandika. Siku moja alisema kinauma, wakapumzika siku nzima kwa ajili yake, na akaona haya. Aminirabi alijibu kwamba yeye ni mzima. Hata siku ya kuamkia kilele, kichwa kilipomgonga tangu asubuhi kama mtu anayepasua kuni ndani yake, alisema ni mzima. Msimwite mwongo upesi. Huko alikotoka, mgeni huulizwa asubuhi na jioni, na mpagazi haulizwi. Mpagazi anayesema kichwa kinauma hurudishwa chini, na safari inayofuata jina lake haliitwi kwenye lango la hifadhi. Jambo hilo halijaandikwa popote, lakini kila mbeba mzigo analijua kama anavyolijua jina lake. Tena kilele kilikuwa pale, mbele ya macho yake, baada ya miaka kumi na tisa.

Alfajiri wakafungana kamba moja. Mingma mbele, Aminirabi katikati, Aikaruwa nyuma. Njia ilikuwa mgongo wa barafu, upana wake kama meza mbili, na pande zote mbili palikuwa na shimo lisiloonekana mwisho. Kamba ile ndiyo usalama wao. Lakini kamba haina upande: mmoja akianguka, inaweza kuwashika wote au kuwavuta wote. Mnaijua kamba hiyo. Nyumbani kwenu ipo, wala hakuna aliyewauliza kama mnataka kufungwa.

Jua lilipotoka, Aikaruwa aliona hatua za kaka yake zimeanza kupishana. Aminirabi alikanyaga kamba. Alisimama akauliza, kwa Kichaga, mahema ya wageni yamewekwa wapi. Mingma aligeuka akamuuliza hali, naye akanyoosha kidole gumba juu na kutabasamu, kama anavyomtabasamia mgeni. Kilele kilikuwa karibu, kama kutoka madhabahuni hapa hadi kwenye lango la shule. Mingma alimtazama, akasita. Ndipo Aikaruwa akakaa chini kwenye barafu, akaivuta kamba ikakaza, akasema:

"Kaka, simwulizi mpagazi. Nakuuliza wewe, mtoto wa mama yangu: kichwa kinauma?"

Aminirabi alikitazama kilele. Kisha akasema kinauma. Akasema kinauma tangu jana asubuhi, na kwamba sasa anaona Mingma wawili. Baada ya hapo akalia, mtu mzima mwenye ndevu, akalia kwa sauti, na sidhani alikuwa analilia kichwa.

Wakashuka wote watatu. Walipofika kambi ya chini macho yake yalikuwa yametulia, na Mingma akasema kwamba saa moja zaidi pale juu ingetosha kuwaua. Palikuwa na siku moja ya akiba. Siku hiyo upepo mkali uliuvamia mlima wote, mahema yakafungwa, wakarudi Mwika. Aikaruwa, aliyebeba mahindi miezi minne, hakukiona kilele kwa sababu ya ukimya wa kaka yake. Alimkasirikia. Juma zima hakumsemesha, na alikuwa na haki. Juma la pili alimpelekea ndizi, wakala pamoja.

Kila ninaposimulia habari hii, mtu ananiuliza: je, mwaka uliofuata alirudi akafika? Naona uchungu kuulizwa hivyo, maana naona tumesikiliza habari za mlima tu. Hakurudi. Anabeba mizigo mpaka leo. Lakini ninyi je? Nawaona hapa mbele yangu. Kuna mama anayeuguza wazazi wa mume, na kila jirani humuuliza wagonjwa wanaendeleaje. Kuna mwalimu, kuna muuguzi, kuna kaka mkubwa ambaye ukoo mzima umemlalia. Na mimi, ambaye kwa miaka ishirini na sita nimesimama kando ya vitanda vyenu nikiwauliza hali, juzi mezani mke wangu aliniuliza yangu nami nikamwomba chumvi.

Basi yule uliyefungwa naye kamba moja akikaa chini leo, akakuuliza hali na kukataa kuondoka, utamwacha kwenye barafu mpaka lini ndipo umjibu?